KUPAKATA SI KUFUNGA

Katika miaka ya karibuni mgeni mmoja ameingia ndani ya magari yetu ya hapa pwani, kutoka Mombasa hadi Malindi, naye ni kiti cha mtoto. Wako waliompokea kwa furaha. Wako wanaomtazama kwa jicho la pembeni na kumwita anasa ya Wazungu. Na wako, nao ndio niwaonao kila siku, waliomkaribisha ndani ya gari lakini hawakumfunga. Kiti kimewekwa juu ya kiti, mtoto ameketishwa juu yake kama mfalme, na mkanda wa gari ama haukupitishwa kabisa, ama umepitishwa ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Ndugu msomaji, nataka tulizungumze jambo hili leo kwa sababu ni jambo la uhai na mauti, na kwa sababu linagusa mila yetu kuliko tunavyodhani. Hoja yangu ni moja. Kiti cha mtoto hakimlindi mtoto kwa kuwa ni kiti; humlinda kwa kufungwa. Na kinachotufanya tusikifunge si ugumu wa mikanda peke yake. Ni ile fikira tuliyorithi kwamba mtoto aliye karibu na mkono wa mzazi wake yuko salama.

Tusidanganyane, barabara zetu zinaua. Kila mwaka kutoka 2021 hadi 2024 waliokufa kwa ajali za barabarani hapa Kenya walizidi watu 4,000. Wengi wao ni waendao kwa miguu na wapandao pikipiki, lakini ndani ya magari nako kulikuwa na watoto. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya 2023 kwamba barabara ndizo zinazoongoza katika kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, zikiyapita maradhi yote. Shirika hilo hilo linasema kuwa kiti cha mtoto kikitumiwa huweza kupunguza vifo vya watoto wachanga garini kwa asilimia 71. Ni dawa ngapi dukani zinazoweza kutoa ahadi kama hiyo?

Serikali nayo ilitangaza mpango wa kitaifa wa usalama barabarani wa kuanzia 2024 hadi 2028. Ni jambo jema. Lakini mpango wa serikali hauwezi kuingia ndani ya gari lako asubuhi na kukaza mkanda. Hiyo ni kazi ya mwenye gari.

UZITO WA MTOTO

Hebu tutazame mambo yanavyokwenda gari linapogonga. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao hakuna dereva wa Mombasa auitao kasi, kila kilichomo ndani yake kinakwenda kilomita 50 kwa saa: dereva, kikapu cha samaki, chupa ya maji na mtoto. Gari likigonga lori lililosimama, gari husimama. Vilivyomo ndani havisimami mpaka vizuiwe na kitu. Mwenye mkanda huzuiwa na mkanda. Asiye na mkanda huzuiwa na kioo, au chuma, au mgongo wa aliyeketi mbele yake.

Hesabu yake si ngumu. Kugonga kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kutoka orofa ya tatu. Sehemu ya mbele ya gari ikibonyea kiasi cha nusu mita kabla ya gari kusimama, basi mtoto wa kilo 10 kwa nukta hiyo atavuta kwa uzito wa karibu kilo 200. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Hamali wa bandarini mwenye mabega mapana hubeba gunia moja, tena baada ya kujitayarisha. Mama aliyempakata mwanawe hapewi nafasi ya kujitayarisha. Mikono itafunguka tu, hata kama mapenzi yake ni makubwa kuliko bahari.

Na kama mama mwenyewe hakufunga mkanda, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu yeye naye atarushwa mbele, na mwili wake wote utamgandamiza yule mtoto aliyekuwa akimlinda. Wako wengine wanaofikiri wamepata ufumbuzi: huuzungusha mkanda mmoja ukawafunga mama na mtoto pamoja. La hasha! Hapo mtoto hubanwa baina ya mkanda na uzito wa mama, kama nazi ndani ya kikamulio. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja.

Kuna bibi mmoja wa mtaani kwetu ambaye nikipita barazani kwake hunizuia kwa mazungumzo. Nilipomwambia habari hizi alicheka. "Mjukuu wangu," akasema, "nyinyi nyote tuliwapakata. Mama yako alikupakata kutoka hospitali mpaka nyumbani, na leo u mzima, wanifundisha mimi kulea?"

Maneno ya bibi si ya kudharauliwa. Kupakata ni elimu. Mtoto aliyepakatwa hunyamaza, hulala, hujua harufu ya mamake. Mila yetu imejengwa juu ya mapaja hayo. Juu yake tumeimbiwa, tumelishwa na kuogeshwa. Lakini nilimjibu bibi kwa adabu kwamba, kwanza, sisi tunaokaa barazani kusimulia ni wale tuliosalimika. Waliopotea hawana kauli. Na pili, enzi zake magari yalikuwa machache, na mengi ya hayo yalikwenda mwendo wa kujikongoja. Leo barabara ya Mombasa kwenda Nairobi imejaa malori ya makontena usiku na mchana. Mapaja ni yale yale. Barabara siyo ile.

WAMAREKANI NAO WALISHINDANA

Tusidhani kwamba sisi peke yetu ndio wenye fikira hii. Mwaka 1977 jimbo la Tennessee huko Marekani lilikuwa la kwanza katika nchi ile kupitisha sheria ya kuwalazimisha wazazi wawafunge watoto wadogo katika viti vyao garini. Aliyeipigania ni tabibu wa watoto wa mji wa Murfreesboro, Dk. Robert Sanders, aliyekuwa amechoka kuona watoto wakifa kwa jambo linaloweza kuzuiwa. Sheria ilianza kutumika Januari 1978. Lakini wabunge walitia ndani yake mwanya mmoja: mtoto aliweza kusafiri bila ya kiti iwapo amepakatwa na mtu mzima. Waliojua hesabu niliyoieleza hapo juu waliuita mwanya huo kwa jina la kutisha, kiponda watoto. Ilichukua mpaka 1981 mwanya huo kuzibwa.

Kwa hivyo hata Wamarekani, walio na magari mengi kuliko watu wengi duniani, ilikuwa vigumu kwao kukubali kwamba mikono ya mama haitoshi. Si aibu basi kwetu kushindana na jambo hili. Aibu itakuwa kulijua na kulinyamazia.

Ndugu zetu walioko Ughaibuni hawana tena hiari. Huko Dubai na kwengineko katika Falme za Kiarabu, tangu Julai 2017 mtoto aliye chini ya miaka 4 sharti awe katika kiti chake, na anayekiuka hutozwa dirhamu 400; na kiti cha mbele hakikaliwi na mtoto aliye chini ya miaka 10 au aliye mfupi kuliko sentimita 145. Uingereza, tangu 2006, mtoto hutumia kiti chake mpaka afike miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Japani, ambako magari yetu mengi hutoka yakiwa yamekwisha tumiwa, sheria ya watoto walio chini ya miaka 6 ilianza Aprili 2000. Jamaa yule yule ambaye huko Dubai hathubutu kuondoa gari kabla ya kumfunga mwanawe, akiteremka uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa kwa likizo, humpakata mtoto kiti cha mbele mpaka Kisauni. Je, mtoto amebadilika uzito ndani ya ndege?

"AJALI HAINA KINGA"

Hapa ndipo penye jawabu tulizoea kulitoa: ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kweli kwa mahali pake. Hutumiwa kumliwaza aliyefikwa, ili asijilaumu mpaka akapotewa na akili. Lakini methali ya kuliwaza ikigeuzwa kuwa methali ya kutotenda, hiyo ni khiyana kwa wahenga. Wahenga hao hao walisema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Nasi ni watu wa bahari. Nahodha wa jahazi anayetoka Lamu na mzigo wake huomba dua, na kabla ya dua amekwisha zifunga shehena zake kwa kamba na kuzikagua moja moja. Anajua kwamba shehena iliyolegea ndiyo inayokipeleka chombo mrama. Hakuna aliyewahi kumwambia nahodha huyo kwamba kufunga kwake ni upungufu wa imani. Na kila aliyepita chuoni anakikumbuka kisa cha bedui na ngamia wake, na jawabu aliyopewa kuhusu kutegemea kabla ya kufunga. Sina haja ya kukirejea hapa. Ninalosema ni kwamba mkanda ni ile kamba, na mtoto ni shehena isiyo na badala yake sokoni.

NAMNA YA KUKIFUNGA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana wengi niliozungumza nao hawakatai, hawajui tu. Hilo nalo si la hapa peke yake. Wakaguzi wa serikali ya Marekani wamewahi kuona kwamba asilimia 46 ya viti vya watoto katika nchi yao vinatumiwa kwa makosa. Ikiwa karibu nusu yao hukosea baada ya miaka zaidi ya arubaini ya sheria, basi nasi tuna haki ya kufundishwa polepole.

Kwanza ni mahali. Kiti kiwekwe nyuma. Kiti ambacho mtoto hupeana uso na nyuma ya gari kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ule umefichwa katika dashibodi, na hufumka kwa nguvu ya kumzuia mtu mzima; ukifumka utakipiga kiti hicho mgongoni, na kichwa cha mtoto kiko pale pale. Huko nyuma chagua mahali penye mkanda wa sehemu tatu, yaani unaopita kiunoni na begani pia. Magari mengine katikati yana mkanda wa kiunoni tu. Hapo kiti kisiwekwe ila kitabu chake kikiruhusu.

Pili ni mwelekeo. Mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo laini. Akitazama mbele, kiwiliwili hushikwa na mikanda na kichwa hurushwa, na shingo ndiyo inayolipa. Akitazama nyuma, kishindo husambaa mgongo mzima na kichwa hulala juu ya kiti. Daktari wa Sweden, Bertil Aldman, alikijaribu kiti cha namna hiyo mwaka 1964 baada ya kutazama jinsi wanaanga wa Marekani walivyokuwa wakilazwa chali ndani ya chombo chao ili mgongo ubebe msukumo. Kanuni mpya ya Ulaya, yaani kanuni 129 iliyoanza 2013, inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15, na matabibu hushauri aendelee hivyo maadamu kiti chake kinamruhusu kwa urefu na uzito. Miguu ikikunjika si neno. Mguu uliokunjika hauna madhara. Shingo ndiyo isiyo na fundi.

Tatu ni njia ya mkanda. Kila kiti kina mahali maalumu pa kupitishia mkanda wa gari. Katika viti vingi vya Ulaya njia hiyo imetiwa rangi: buluu kwa kiti kinachotazama nyuma, nyekundu kwa kinachotazama mbele. Ukikosea njia, umekosea yote. Mkanda upite ukiwa bapa, usijipinde. Kisha uufunge mpaka kifungo kilie, na uangalie kifungo chenyewe kisikae juu ya ukingo wa plastiki ya kiti, kwa kuwa hapo kinaweza kuvunjika au kuachia.

Nne ni kukaza, na hapa ndipo wengi wetu tunapoachia njiani. Weka mkono mmoja juu ya kiti cha mtoto, mahali mkanda unapopita, ukandamize kwa uzito wa mwili wako mpaka kizame ndani ya godoro la kiti cha gari. Kama ni kiti kinachotazama mbele, waweza kutumia goti. Kwa mkono wa pili vuta sehemu ya begani ya mkanda kurudi juu, uondoe ulegevu wote. Usivute mkanda bila ya kukandamiza, utachoka bure.

Tano ni kuufungia usirudi kulegea. Mkanda wa gari kwa kawaida huachia na kujirudi, na hushika tu pale unapovutwa kwa ghafula. Katika baadhi ya magari ukiuvuta polepole mpaka mwisho wake, kisha ukauachia, utausikia ukirudi kwa milio midogo midogo, nao hautoki tena. Huo umejifungia. Katika magari mengine hakuna kitu hicho, na badala yake kiti cha mtoto huwa na kibanio chake cha kuushika mkanda. Tazama kitabu cha gari na kitabu cha kiti. Vyote viwili, si kimoja.

Sita ni kujaribu. Shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Kisisogee zaidi ya inchi moja. Kikisogea zaidi, anza upya bila ya haya. Ukikishika juu kichwani kitacheza kidogo, na hilo lisikutie hofu, kwani kipimo ni pale penye mkanda. Na kiti kinachotazama mbele, kikiwa na ukanda wa juu wenye ndoana, ndoana hiyo itiwe katika chuma chake nyuma ya kiti cha gari, ikazwe, ili kichwa cha mtoto kisirushwe mbali.

Saba ni mtoto mwenyewe. Mikanda midogo ya kiti hutoka usawa wa mabega au chini yake kidogo kwa anayetazama nyuma, na usawa wa mabega au juu yake kidogo kwa anayetazama mbele. Baada ya kuikaza, jaribu kuufinya ukanda wa begani kwa vidole viwili kama unavyofinya kitambaa. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea. Na mtoto mchanga alazwe kwa mshazari uliowekewa alama katika kiti chake, kwa sababu akikaa wima mno kichwa humwangukia kifuani na pumzi zikazibika.

Magari mengine na viti vingine vina pete na ndoana za chuma za kushikana bila ya mkanda wa gari. Ni njia nzuri. Lakini asiye nayo asione amepungukiwa, kwani mkanda uliokazwa sawasawa hufanya kazi hiyo hiyo. Chagua njia moja. Usichanganye zote mbili ila kitabu cha kiti kikisema.

MAMBO YA KWETU

Kuna mambo ya kwetu ambayo hayamo katika vitabu vya Ulaya. Kwanza ni leso. Akina mama huwaviringa watoto ndani ya leso, kisha huwaweka kwenye kiti na kufunga mikanda juu ya mavazi hayo yote. Kishindo kikija, kitambaa hujikusanya na mikanda hugeuka mipana kwa mtoto. Mfunge kwanza, kisha mtandaze leso juu yake. Leso hiyo hiyo yafaa kukifunika kiti gari linapoachwa juani, kwa sababu vyuma vya mikanda katika jua letu la Januari humchoma mtoto. Na mtoto mwenyewe asiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata dakika za kununua mkate.

Pili ni mchanga. Tukitoka kuogelea Jumapili, mchanga huingia katika vifungo, na kifungo chenye mchanga chaweza kuonekana kimefunga kumbe hakikushika. Kisikilize kikilia, kisha ukivute.

Tatu ni mitumba. Viti vingi huja kwa makontena pamoja na nguo, na bei yake huvutia. Sisemi visinunuliwe, nasema vitazamwe. Kiti kilichokwisha pata ajali hakifai tena hata kikionekana kizima. Tafuta kibandiko chake. Vile vya Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara na nambari ya kanuni, 44 au 129. Huko katika Umoja wa Ulaya viti vipya vya kanuni 44 havikuruhusiwa kuuzwa tena kuanzia Septemba 2024, kwa hivyo tutegemee kuviona vingi masokoni kwetu. Pindua kiti utazame chini kama kimeandikwa tarehe ya mwisho wa kutumika. Kisicho na kibandiko, kisicho na mkanda mmoja, au kilichopasuka plastiki kwa jua, hicho kifanye kiti cha nyumbani.

Nne ni watoto wakubwa. Mtoto wa miaka 6 au 7 aliyekwisha kipita kiti cha mikanda hajawa mtu mzima. Mkanda wa gari humpita shingoni na tumboni, mahali pa kumjeruhi. Hutakiwa kiti cha kumwinua tu, mpaka mkanda wa chini ulale mapajani na wa juu upite katikati ya bega.

NA ASIYE NA GARI?

Msomaji ataniuliza: na sisi wa matatu na tuktuk? Swali ni la haki, maana wengi wetu hatuna magari, na mtoto wa maskini hana shingo ya chuma.

Kanuni za mwaka 2003, zilizoletwa na Waziri John Michuki na kuanza kukazwa Februari 2004, ziliagiza mikanda katika kila matatu. Kwa muda tuliifunga. Leo mikanda katika matatu nyingi iko kwa ajili ya ukaguzi. Imechafuka hata hakuna atakaye kuigusa, au kifungo kimepotea. Nayo mara nyingi ni ya kiunoni tu, ambayo viti vingi vya watoto havikutengenezewa. Tuktuk haina mkanda kabisa.

Basi tufanye linalowezekana. Safari ya mtaani na safari ya barabara kuu si kitu kimoja. Ukiwa na mtoto na safari ni ya Voi au Malindi, chagua gari lenye mikanda mizima, na umlipie mtoto nafasi yake badala ya kumpakata ili kuokoa nauli. Mtoto aliyekwisha jua kukaa akae katika nafasi yake na mkanda wake, wa kiunoni ukiwa ndio uliopo. Usikubali kiti cha mbele. Ukiita teksi, uliza kwanza kama mikanda ya nyuma inafanya kazi, na ukiwa na kiti cha mtoto kibebe. Hufungwa katika gari lolote lenye mkanda wa sehemu tatu. Utingo na dereva watanung'unika. Waache wanung'unike.

Na jamii nayo ina kazi yake. Hospitali zinazozalisha zina nafasi ya kumfundisha mzazi kabla ya safari ya kwanza ya mtoto, ile ya kutoka wodini. Wauzaji wa magari yatokayo Japani waipime mikanda ya nyuma kama wanavyopima injini. Vyuo vya udereva vifundishe kazi hii pamoja na kurudi nyuma na kuegesha. Na sisi wazazi tuitazame misafara yetu ya harusi na safari zetu za Idd, ambapo watoto wanane hutiwa nyuma ya gari dogo, wawili wakiwa wametoa vichwa madirishani, nasi tunapiga vigelegele. Furaha hiyo ni deni linalongojea kulipwa.

Mtoto atalia siku ya kwanza ukimfunga. Atalia na siku ya pili. Juma halipiti atazoea, kama alivyozoea kuogeshwa na kunyolewa. Bibi zake watasema unamtesa. Wajibu kwa heshima, uwabusu mikono, kisha uinamie kiti, ukandamize, uvute mkanda, ukitikise. Kikisogea zaidi ya inchi moja, gari lisiondoke.